Warusi wa Ng'ambo ya Uzio

Vijana wangu wa mitambo, Jumapili ile mlinipa kiti cha mbele mkaniomba niwaeleze siri za kazi. Nimekaa nimefikiri. Siri ya kwanza ni kwamba sikio langu la kushoto liliacha kusikia sauti nyembamba miaka minne kabla sijastaafu. Nikawa nageuza kichwa kama kuku anayechungulia punje, ili nisikie kwa la kulia. Watu walidhani ni ufundi. Walisema, mtazameni Baba Neema anavyosikiliza kwa makini. Mimi nikakaa kimya nikapokea sifa.

Siri nyingine zote nilizipata kwa kukosea, na nyingi mmezisikia. Ile ya bwana harusi ambaye niliacha maiki yake wazi akaenda nayo chooni, mnaisimulia ninyi wenyewe kuliko mimi. Leo nitawapa kosa ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Waliolishuhudia ni Warusi watatu, na mke wangu.

Lakini kwanza mjue nilifundishwa na nani, msije mkamlaumu.

Nilifika Sydney kutoka kambini Kigoma, Mrundi mwenye ujuzi wa kutengeneza redio ambao hapa haukuulizwa na mtu. Nikapata kazi ya kufagia ukumbi mmoja wa jamii upande wa Quakers Hill. Fundi mitambo wa ukumbi alikuwa mama mmoja mfupi, Maureen, mvutaji wa sigara, mtu wa matusi mepesi na roho nzuri. Siku moja aliniona nakunja waya wa maiki kwa kuuzungusha kwenye kiwiko. Alikuja mbio akipiga kelele kwamba naua, "You're killing it!" Nikaruka, nikidhani nimekanyaga paka.

Akanionyesha. Mzunguko wa kwanza unaulaza waya juu, wa pili unaupindua chini, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukiurusha unafunguka wote bila fundo. Nilijifunza wiki tatu, ufagio kwapani. Hadi leo nikiwakuta mnakunja nyaya kwenye kiwiko huwa naumia kuliko mchungaji anavyoumia juu ya dhambi zenu.

Akanifundisha na la pili: spika huwashwa mwisho na huzimwa kwanza, usije ukawapasua watu vifua kwa mshindo. Hilo nililishika. La tatu aliniambia mara nyingi sana, na sikulishika: kabla hujatengeneza kitu, muulize mwenyewe kama kimeharibika.

Mwaka ule korona ilipokuwa inaingia, Maureen alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye bwana wa miksa, meza ya kuchanganyia sauti. Nilikuwa na kiburi, siwafichi. Nilikuwa nimefanya harusi za Wakongo za watu mia nne, na mtu aliyeweza kunyamazisha maiki ya mshereheshaji wa Kikongo hamwogopi mtu yeyote duniani.

Basi wakaja hao Warusi. Walikuwa wanazunguka nchi na muziki wao. Mwimbaji aliitwa Vera, mwanamke mrefu wa miaka kama thelathini na tano, mwenye sauti iliyotoka mahali pa mbali sana kuliko kifua chake. Kostya alikuwa mtu wa kompyuta na vibodi vya taa vya kugonga kwa vidole; yeye ndiye aliyetoa midundo, milio ya chuma, na ngoma alizozinasa katika nchi nyingi. Wa tatu, Ilya, mwenye ndevu, alikuwa na ala ambayo sikuwahi kuiona: sanduku la mbao lenye nyuzi, na ubavuni mpini kama wa mashine ya kusagia nyama. Akizungusha mpini, gurudumu la ndani linasugua nyuzi, nyuzi zinalia. Nyimbo zenyewe zilikuwa za vijijini kwao, za kale, lakini wakazivika umeme. Jina la bendi yao kwa Kirusi maana yake ni umande. Mimi nililitamka hivi kwamba likawa waridi, na nililitangaza hivyo kwenye maiki mara tatu kabla Vera hajanisahihisha.

Tukaanza kujaribu sauti mchana. Mara nikasikia mngurumo. Mmmmmm. Ninyi mnaujua ule mngurumo wa umeme mbovu, unaoingia kwenye spika ukakaa kama mgeni asiyeaga. Nikawaambia, ngojeni.

Nikabadilisha nyaya zote. Mngurumo ulikuwapo. Nikahamisha plagi, nikazima taa za jukwaa, nikazima kiyoyozi. Ulikuwapo. Nikaenda jikoni nikang'oa plagi ya friji, na akina mama waliokuwa wameweka maandazi na maziwa ya usiku ule wakanifukuza kwa mwiko. Saa nzima na nusu. Kila nikirudi na kusema "Jaribu tena!", Ilya anazungusha mpini kwa heshima, na mngurumo unakuja.

Mwishowe Vera alinisogelea. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, kama changu, ndiyo maana tulielewana. Akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini?"

"Mngurumo. Umeme wenu una hitilafu."

Akamtazama Ilya. Akanitazama mimi. "Huo mngurumo," akasema, "ndio ala yenyewe."

Kumbe ile ala ina nyuzi mbili ambazo kazi yao ni kunguruma tu, mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na sauti nyingine zote zinasimama juu yake kama nyumba juu ya msingi. Nilikuwa nimekaa saa nzima na nusu nikijaribu kuuponya msingi. Nikamuuliza Ilya kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani ndiyo desturi ya Australia.

Hawakupiga muziki usiku ule. Kabla jua halijazama meneja wa ukumbi alikuja na simu mkononi akasema kumbi zote zinafungwa. Siku chache baadaye ndege yao ikafutwa, na iliyofuata, na ya baada ya hapo. Nilimwambia meneja kwamba jirani yangu ana kijumba cha uani ambacho wanafunzi walikihama. Ndivyo Warusi walivyokuja kuishi ng'ambo ya uzio wangu.

Mke wangu, Mama Neema, mnamfahamu: Mkongo wa Uvira, mtunza wazee kwa miaka mingi katika nyumba moja ya wazee karibu na Rooty Hill. Siku ile ile aliweka sheria. "Baba Neema, bale batu ni wageni, wana shida, tutawalisha. Lakini mlango wangu hawapiti. Mimi nikibeba hii maladi nikaipeleka kwa wazee wangu, nitamjibu Mungu nini?"

Basi tukawa watu wa uzio. Mama Neema anapitisha sufuria ya sombe juu ya mbao, wao wanapitisha kabichi iliyochachushwa kwenye chupa. Ilya alikula sombe akauliza ni majani gani. Nilimwambia ya muhogo. Akauliza muhogo ni nini. Nikaeleza dakika kumi kwa Kiingereza changu, na jioni ile akamwambia Vera kwamba sisi tunakula mti.

Pale pale uzioni ndipo Vera aliponiambia habari za bibi yake. Alilelewa naye, katika kijiji kimoja cha Siberia. Nyimbo zote za bendi zilitoka kinywani mwa bibi huyo. Vera alizishika akiwa mtoto, wakikamua ng'ombe. Kila mwaka alimwahidi bibi kwamba atakuja na wenzake, wapige jikoni kwake, asikie nyimbo zake zimekuwa nini. Kila mwaka safari iliangukia kwingine. Sasa bibi alikuwa kitandani, mapafu yamechoka, na ndege hakuna.

"Mzee," akasema, "wewe ni fundi. Unaweza kumfikishia?"

Ninyi mtu akiwaambia maneno hayo mbele ya uzio, mtajibuje? Nilijipiga kifua. Nikamwambia nimesikilizisha watu mia nne. Bibi mmoja atanishinda?

Tulisubiri masharti yalegezwe kidogo, wageni wachache waruhusiwe. Mama Neema akakubali gereji, si nyumba, mlango mkubwa ukiwa wazi, na mimi nikae mbali nao. Nikaazima vifaa vya ukumbi. Niliweka maiki nane kwa watu watatu. Nane! Moja ilikuwa ya mpini wa Ilya peke yake. Kostya alinitazama akahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa, nikadhani anastaajabu.

Kompyuta yake tuliiweka mbele ya Vera, na ndani yake tukamwona bibi: kikongwe mdogo, kitambaa cheupe kichwani, mito mitatu mgongoni. Kando yake binamu wa Vera, muuguzi wa kijiji. Kwetu ilikuwa alasiri, kwao mchana. Bibi aliinua mkono. Vera akamwinulia wake.

Nikatoa amri kama jenerali. Simu zote zizimwe, zisilete mikwaruzo. Sauti inayotoka kwa bibi nikaifunga, isije ikazunguka na kurudi kwenye maiki. Nikavaa hedifoni zangu, nikainua kidole, tukaanza.

Wanangu, sijawahi kutengeneza sauti nzuri kama ile. Mngurumo ulikaa chini kama ardhi. Midundo ya Kostya ilipita juu yake taratibu, na sauti ya Vera ikapanda hadi nikasahau korona. Nililia. Nilisimama gerejini kwangu, kati ya mashine ya kukata nyasi na matairi ya zamani, machozi yakiingia kwenye barakoa, nikiwainulia kidole gumba. Vera huimba amefumba macho. Ilya hutazama nyuzi. Kostya hutazama taa zake. Na mimi nilikuwa nyuma ya kompyuta, sioni kioo chake.

Dakika ishirini na zaidi. Wimbo wa mwisho ukaisha. Vera akafumbua macho, nikaona uso wake unabadilika. Nikazunguka kutazama. Kwenye kioo kulikuwa na binamu peke yake, ameshika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene. Nikauliza imeandikwa nini.

"Imeandikwa, hatusikii chochote," akasema Vera. "Bibi amelala."

Alikuwa ameiinua tangu wimbo wa kwanza. Alikuwa amepiga kelele, nami nilikuwa nimeifunga sauti yake. Alikuwa amepiga simu zote tatu, nami nilikuwa nimeamuru zizimwe. Nilikuwa nimeziba kila tundu ambalo ukweli ungepitia, kisha nikakaa ndani nikalia kwa uzuri.

Vera hakunigombeza. Angenigombeza ningepona haraka. Alisema tu "Asante, mzee," akakunja kitambaa chake, akarudi kwao kwa kupitia barabarani, kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani.

Nilimpigia binti yangu Neema, aliye Brisbane, mtaalamu wa kompyuta. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiingereza, ndivyo tulivyo. Nikamweleza. Akacheka hadi nikasogeza simu. Kumbe zile programu za kuongea kwa picha zina akili ya kufuta kelele. Zinataka maneno ya mtu. Zikisikia sauti inayovutwa muda mrefu bila kukatika, zinasema hii ni kelele ya chumbani, zinaifuta. Mngurumo wote wa Ilya ulifutwa. Na Vera, akivuta noti moja pumzi nzima, naye alifutwa. Kilichofika Siberia ni mikato mikato, kama kuku anayekabwa.

"Dad," akasema Neema, "it thinks the instrument is a fridge."

Eti programu ilidhani ala ile ni friji. Sikuweza kuilaumu. Tulikuwa na akili moja.

Siku nne sikuenda uzioni. Nguo zikianikwa, nasubiri Warusi waingie ndani ndipo nitoke. Siku ya tano Mama Neema alirudi kazini akanikuta nachungulia dirishani. Alikuwa anavua viatu mlangoni, maana wakati ule viatu vya kazi vililala nje.

"Utajificha mpaka lini?"

Nikaanza kumweleza habari za programu na kelele na kuvuta noti. Akanisikiliza, akaweka viatu chini.

"Ule bibi anasikia na sikio gani?"

"Sijui."

"Anakaa ao analala?"

"Alikuwa na mito."

"Anachoka kisha dakika ngapi?"

"Mama Neema, mimi ni fundi mitambo, si daktari."

"Voilà," akasema. "Ndiyo maana umeimbia ukuta."

Akaketi kwenye ngazi akanieleza kazi yake, kana kwamba ndiyo siku ya kwanza naisikia, na kweli ilikuwa ya kwanza kusikiliza. Kule kazini jamaa za wazee walikuwa wamezuiwa kuingia. Watoto wanapiga simu, na yeye, Mama Neema, ndiye anayeshika simu sikioni pa mzee. Amejifunza kwamba kila mzee ana sikio lake. Amejifunza kwamba mgonjwa hapokei bendi. Anapokea sauti moja, polepole, karibu, na akipewa tatu anafumba macho. Si kwa utamu, ni kwa kuchoka. Amejifunza kumwacha mzee ajibu, hata kama ni baada ya dakika nzima, kwa sababu yeye naye ana la kusema.

Miaka yote ile nilikuwa nimeolewa na fundi, wanangu, na sikujua. Samahani, nilikuwa nimeoa. Mnaona jinsi aibu inavyovuruga sarufi.

Kesho yake nilikwenda uzioni nikaita. Vera alitoka. Nilimwambia yote, hadi kicheko cha Neema. Nikamuuliza, bibi yako anasikia kwa sikio gani? Akashangaa. Hakujua. Akampigia binamu, akarudi: la kulia. Asubuhi ana nguvu, mchana amechoka. Anakaa kitako kama nusu saa. Na kando ya kitanda kuna simu ya nyumbani, ya waya, ambayo haijawahi kuharibika tangu mama yake Vera alipokuwa msichana.

Nikamwambia, tutatumia hiyo.

Hapa ninyi mnisikilize, kwa maana ni ufundi. Simu ya kawaida haibebi sauti nene sana wala nyembamba sana. Inabeba ya katikati tu, pale panapokaa maneno ya watu. Midundo ya Kostya isingevuka, na mngurumo wa Ilya ungefika nusu nusu. Ilibidi niwaambie watu wawili, wanamuziki hodari, kwamba kazi yao safari hii ni kukaa kimya. Ilya alifikiri kidogo akasema atampa Vera noti ya kuanzia, kisha ataacha mpini. Kostya alifunga kompyuta yake.

Nilirudisha maiki zote nane ukumbini. Gerejini nikatundika mablanketi na vitenge vya Mama Neema ukutani na juu ya mlango, ili sauti isirudi rudi kwenye bati. Siku tuliyopanga, binamu alimwamsha bibi mapema, akamkalisha, akamwekea simu sikio la kulia. Kwetu ilikuwa saa saba mchana.

Mara tu Vera aliposema "Bibi," jirani wa pili akawasha mashine ya kukata nyasi. Niliinua mikono. Kostya akatoka mbio. Kiingereza chake hakikutosha kueleza Siberia, lakini kupitia upenyo wa blanketi nilimwona amempa yule bwana sigara, amemwashia, na wamesimama pembeni ya nyasi nusu zilizokatwa, wanavuta kwa umbali unaoruhusiwa. Alimzuia hivyo hadi mwisho, sigara kwa sigara.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika simu ya Vera. Hakuna stendi iliyokaa vizuri, kwa hiyo nilipiga magoti sakafuni, simu mkononi, umbali wa shibiri moja kutoka kinywani mwa Vera, barakoa mbili usoni. Magoti yangu mnayajua. Ilya akatoa noti, akaacha. Vera akaanza.

Alikuwa ameimba mistari miwili tu sauti ikatoka kwenye simu, nyembamba na kali. Vera akakatika, akacheka. Nikamnong'oneza, "Anasemaje?"

"Anauliza ni mnyama gani anahema humo ndani."

Alikuwa mimi. Nilikuwa nimeinamia simu nahema kwa maumivu ya magoti. Vera akamwambia ni mzee wa jirani, Mwafrika, fundi. Bibi akasema jambo, na Ilya naye akacheka. Kwa huruma hawakunitafsiria. Niliizuia pumzi yangu kadiri nilivyoweza, nikawa napumua Vera anapopumua.

Ulikuwa wimbo wa bibi harusi anayeaga nyumba ya mama yake. Katikati bibi akamkatiza tena, safari hii kwa ukali: neno moja si hilo. Vera akarudia. Tena si hilo. Akarudia mara ya tatu, bibi akaridhika. Vera alikuwa ameliimba neno lile vibaya mbele ya watu wa nchi nyingi kwa miaka kumi.

Na alipomaliza, alitaka kuaga. Nikakumbuka maneno ya mke wangu, nikamwonyesha kwa mkono: ngoja. Tukangoja. Simu ilikuwa kimya, unasikia waya tu. Nilidhani bibi amelala tena. Kisha sauti ikatoka, ya kikongwe, imepasuka, inaimba. Ubeti ambao Vera hakuwa nao. Niliona macho yake yanapanuka, mkono wake umekamata bega la Ilya. Ni ubeti wa mama, aliniambia baadaye, ule ambao mama anauimba baada ya binti kuondoka na mlango kufungwa. Bibi hakumfundisha kwa sababu haufundishwi kwa msichana. Aliuimba mara moja tu, akakohoa, binamu akachukua simu.

Na mimi, fundi mitambo wa miaka ishirini, sikuwa nimenasa hata sauti moja. Vifaa vyote vilikuwa ukumbini. Nikafungua mdomo nilie, Vera akanipigia kelele: "Usiseme kitu! Nitasahau!" Akachukua kalamu nene kutoka kwenye benchi langu akaandika maneno ukutani mwa gereji, haraka haraka. Mstari wa tatu ulimponyoka. Ilya alikuwa nao. Lahani ya mwisho iliwaponyoka wote wawili, kwa kuwa walishika maneno. Mimi maneno sikuyaelewa, kwa hiyo nilikuwa nimeshika lahani peke yake. Nikaivumisha puani, mimi mwenye sikio moja. Ilya akaitikia kwa kichwa: ndiyo, ndiyo.

Ukuta ule Mama Neema amekataa usipakwe rangi.

Bibi alifariki baada ya siku tisa. Walimzika huku Vera akisikiliza kwenye simu, mkono wa binamu umeiinua hewani makaburini. Sikuitwa kusaidia, na sikujipeleka. Jioni ile Mama Neema alifungua mlango wa nyumba yetu kwa mara ya kwanza, akamwingiza Vera, akamlaza kwenye kochi, akamfunika kitenge. Alilala hadi kesho yake mchana.

Alipoamka alimuuliza Mama Neema kuhusu wale wazee wa kazini. Je, na wao wangependa wimbo kwa simu? Basi ikawa kila Alhamisi alasiri. Kule Rooty Hill Mama Neema anapita kitanda kwa kitanda na orodha: huyu sikio la kushoto, huyu usimzidishie nyimbo mbili. Huku gerejini Vera anaimba. Mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza namba. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, wanangu: kubonyeza namba kumi.

Na hata hiyo niliikosea. Alhamisi moja nilibonyeza, mtu akapokea bila kusema neno, nikadhani ni Mama Neema amekwisha kuweka simu sikioni pa mzee, kama kawaida. Nikampa Vera ishara. Akaimba wimbo mzima, taratibu, hadi mwisho. Tukangoja, kama tulivyojifunza.

Sauti ya mwanamume ikatoka, si ya mzee sana. "Nadhani umekosea namba, rafiki."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba radhi, nikitafuta pa kukatia simu.

"Hapana, hapana," akasema. Nyuma yake hapakuwa na sauti yoyote, si televisheni, si watoto. "Kuna mwingine?"

Vera akamwimbia mwingine.

Alhamisi iliyofuata nilibonyeza namba ile ile tena. Safari hii sikuwa nimekosea.